Chombo cha Familia Kianze kwa Anayeogopa Maji

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tanga aliniandikia akitaka kujua kama anunue ngalawa au mashua, kwa kuwa ana mke, watoto watatu na mama mkwe aliyekwisha kuzeeka. Namjibu kwa urefu, kwa sababu swali hilo mimi mwenyewe niliwahi kulijibu vibaya, na hasara niliyoipata haikuwa ya fedha tu.

Ngalawa yangu ya kwanza niliinunua nikiwa kijana mwenye haraka. Ni chombo kizuri cha mvuvi: gogo la mwembe lililochongwa likawa jembamba, lenye matengo, yaani miti ya kulizuia lisipinduke, pande zote mbili, na upepo ukilijaza tanga huteleza juu ya maji kwa namna inayompendeza kila nahodha. Niliijaribu wakati wa maleleji, pepo zinapobadilika na kuwa hafifu, bahari ikiwa shwari, na muuzaji akanihakikishia kwamba ingewafaa hata wazee. Pepo za kusi, zile zitokazo kusini, zilipokwisha kushika nguvu, nikampakia mke wangu, binti yetu wa miaka sita na mama yangu mzazi, tukatoka Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, kwenda kisiwa cha Tumbatu, safari fupi ambayo watu huifanya kila siku. Mawimbi yakaanza kuingia ndani tukiwa bado karibu na pwani. Mama hakuwa na pa kuegemea, binti yangu alilia mpaka sauti ikamkauka, nami mkono mmoja ulikuwa kwenye kana, mpini wa usukani, na wa pili kwenye demani, kamba ya kuongozea tanga, sikuwa na wa kumshikia mtoto. Tulifika salama, lakini binti yangu hakupanda tena chombo cha tanga kwa miaka minne, na maneno aliyoniambia mama tuliposhuka, "Mwanangu, hukunifikiria," yananiuma hadi leo.

Niliiuza. Baada ya kudunduliza kwa muda mrefu nilikwenda kwa fundi wa Nungwi aniundie mashua ya mita saba hivi, na safari hii nilimpeleka mama pamoja nami. Tulikubaliana iwe pana kuliko desturi, ukingo wake umfike mtu kifuani akiwa amekaa, na mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, usiende chini sana, kwani huku kwetu maji makubwa ya bamvua hupanda na kushuka kiasi cha mita nne, na chombo chenye mkuku unaokwenda chini sana humlazimisha mzee kutembea mbali majini kabla ya kupanda. Idd iliyopita tulivuka watu saba, mama amekaa kwenye mkeka, na aliyeshika kana ni yule binti. Sikuwahi kuona fahari kama ile.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulipuuza ni tanga. Kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kugeuza upande, kwa tanga letu la pembe tatu ni kuizungusha foromali, boriti inayolibeba tanga, mbele ya mlingoti, kazi inayohitaji watu wenye nguvu, na kama nyumbani mwenye nguvu ni wewe peke yako, basi tanga kubwa ni mzigo utakaokushinda siku upepo utakapobadilika ghafla. Chagua tanga ambalo mkeo na mtoto mkubwa wataweza kulishusha wewe ukiwa umeumia. Ukinunua chombo kilichotumika, kichungulie ngamani, chini kabisa ndani yake, uyachome mataruma, zile mbavu zake, kwa ncha ya kisu uone kama yamelainika, na umuulize mwenyewe kilipakwa lini deheni, mafuta ya kuzuia maji yasipenye. Jaketi okozi za watoto zinunuliwe kwa vipimo vyao, si zile za watu wazima.

Ndugu yangu wa Tanga, mwanamume anayechagua chombo kwa ajili ya mbio zake amejichagulia nafsi yake, na familia atakuwa ameibeba kama shehena. Usikubali kujaribishiwa chombo asubuhi ya utulivu. Subiri alasiri ya kusi. Na kabla hujatoa arubuni, mchukue mama mkwe ufukweni maji yakiwa yametoka, umwombe apande na kushuka mwenyewe, kisha umsikilize atakachosema.