Barua kwa mwanangu: Wamefaulu, mbona hawafiki chuo?

Mwanangu Rukia,

Salamu nyingi kutoka Masasi. Sisi hatujambo. Baba yako goti limepoa kidogo, juzi kaenda mwenyewe shamba kupuliza mikorosho na karudi salama.

Ujumbe wako niliusoma usiku ule ule, ila sikutaka kukujibu kwa simu, maana ulichouliza kinataka nafasi. Umesema yule kijana wako aliyepata daraja la pili pointi 20 kidato cha nne, akapangiwa kidato cha tano, PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), kule Katavi, hakuripoti, na sasa yuko kijiweni Liwale anaendesha bodaboda ya mtu. Ukauliza kosa liko wapi. Halafu ukaongeza: "Mama, mimi si mwalimu wa Baiolojia? Haya ya kufika chuo kikuu yananihusu vipi?"

Yanakuhusu, mwanangu. Nimekaa ofisi ya taaluma miaka mingi, na kila mwaka niliona jambo lile lile: watoto wa shule zetu za kata wanafaulu, kisha wanapotea. Wanapotea kati ya mtihani na matokeo, kati ya matokeo na kuripoti, kati ya kidato cha sita na fomu ya mkopo. Katika vipindi hivyo mtoto hana mwalimu. Shule aliyomaliza inasema huyu si wetu tena, na shule inayomngoja haijapata kumwona. Mzazi ambaye hakusoma anangoja aambiwe la kufanya, na hakuna wa kumwambia. Mtu wa karibu aliyewahi kupita njia hiyo ni wewe.

Mtazame huyo kijana. Mtihani kafanya Novemba, matokeo yametoka Januari, kuripoti ni Julai. Miezi yote hiyo kijana wa miaka 18 hawezi kukaa barazani akimtazama mama yake anahangaika na kibarua. Akapewa pikipiki ya hesabu, akaanza kushika hela. Kisha ikaja fomu ya kujiunga: godoro, shuka, ndoo, jembe, kwanja, sare jozi mbili, viatu, rimu ya karatasi, na nauli ya safari ya kulala njiani. Ada ya kidato cha tano na sita serikali imeifuta tangu mwaka wa masomo 2022/23, na ni jambo kubwa sana. Lakini wazazi wengi walisikia "elimu bila ada" wakaelewa kwamba hakuna kitu cha kununua tena.

Halafu angalia kalenda yetu ya kusini. Korosho zinaanza kupelekwa mnadani Oktoba. Julai, ukipita Liwale, Nachingwea au Tandahimba, nyumba nyingi hazina kitu, hata salfa ya kupuliza wamekopa. Mtoto anaambiwa asubiri msimu, na msimu ukifika nafasi yake kapewa mwingine. Ndiyo maana nakuomba umshauri mkuu wako wa shule kikao cha wazazi wa kidato cha nne kifanyike Oktoba au Novemba, hela ya korosho ikiwa mkononi, wala kisingoje Juni. Wasomee wazazi fomu ya kujiunga ya mwaka uliopita, kitu kimoja kimoja, na bei ya kila kitu pale sokoni. Usiwahubirie umuhimu wa elimu, wanaujua. Waambie godoro ni shilingi ngapi. Wako akina baba walionunua godoro na tranka mwezi wa kumi na mbili, matokeo hayajatoka, na mtoto alipolala anaviona vile vitu pembeni yake hakufikiria tena kwenda kuuza mitumba Dar es Salaam.

Sasa karatasi. Hapa nataka unisikilize kwa makini, maana ndipo watoto wengi wa maskini wanapokwama, na mwalimu mmoja akijitolea anaweza kubadilisha mambo yote.

Chukua binti ambaye cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa Zuhura Saidi Mohamedi. Shule ya msingi wakamwandika Zuhra Said Mohamed. Jina hilo likaenda naye sekondari, likaingia kwenye usajili wa mtihani, likatoka kwenye cheti cha NECTA, Baraza la Mitihani. Hakuna aliyejali, maana sote tunajua ni Zuhura wa mzee Saidi. Siku anaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe RITA, wanaosajili vizazi na vifo, na majina yanatakiwa yasipishane na ya vyeti vya shule. Hapo anaanza kutafuta wakili wa kumwandikia kiapo, kusafiri kwenda wilayani, kulipia hiki na kile, na dirisha la maombi linafungwa yeye bado yuko kwenye foleni. Binti kafaulu, ana sifa zote za kupata mkopo, ila "Zuhura" na "Zuhra" zimemrudisha nyumbani.

Kazi ya kuzuia hilo ni ya mwalimu mwenye daftari. Kila mwanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu alete cheti cha kuzaliwa. Kaa naye, linganisha herufi kwa herufi na jina lililoko kwenye kumbukumbu za shule, na kama kuna tofauti ipelekwe kurekebishwa kabla ya usajili wa mtihani wa Taifa. Asiye na cheti kabisa, mzazi aanze safari ya ofisi ya RITA wilayani sasa, wakati hakuna haraka. Aliyefiwa na mzazi atahitaji cheti cha kifo, na vijijini kwetu watu wengi wamezikwa bila cheti hicho kushughulikiwa. Kuuliza mtoto habari hizo ni kazi ngumu, kwa hiyo muulize faraghani na kwa upole. Anayetoka kaya inayosaidiwa na TASAF, ule mfuko wa kaya maskini, aandike namba ya kaya. Mdhamini wa mkopo naye awe na kitambulisho, kama kile cha taifa cha NIDA, na unajua wazee wangapi bado hawajakipata. Kila mtoto mfungulie faili lake la karatasi ngumu, nakala ziwe shuleni na nyingine nyumbani.

Usiseme hayo ni ya kidato cha sita, na shule yako inaishia cha nne. Kidato cha sita wanamaliza mtihani mwezi Mei, na wengi wao wanaitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Miezi hiyo hiyo ndiyo dirisha la mkopo na la udahili wa vyuo vikuu linafunguliwa. Mtoto yuko kambini, na anayeulizwa cheti kiko wapi ni bibi kijijini. Aliyetoka kwako na faili kamili tangu kidato cha nne, hilo halimpati.

Na watakapokurudia na matokeo ya kidato cha sita, kaa nao uwahesabie, maana hesabu mbili zinawachanganya hata walimu. NECTA wanahesabu pointi chache ndiyo bora: A ni 1, D ni 4, E ni 5. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inahesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na sifa ya chini ya kuingia digrii ni alama 4 kutoka kwenye masomo mawili yanayohitajika na kozi. Sasa mtoto mwenye D, D na E ana pointi 13 za NECTA, daraja la tatu. Anajificha ndani kwa aibu, baba anasema "amefeli". Kumbe D zake mbili ni alama 4, na zikiwa kwenye masomo yanayotakiwa, mlango wa kuomba digrii uko wazi kwake. Mwongozo wa TCU hutoka kila mwaka, una kila kozi na masharti yake. Uupakue, uchapishe kurasa chache, zibandikwe ukutani. Watoto wengi wanakataliwa kwa kuomba kozi ambayo masomo yao hayaiingii, wakati ya jirani yake wangeipata.

Juu ya tahasusi, yaani mchepuo wa masomo ya kidato cha tano, usiache kila anayependa koti jeupe akimbilie PCB. Tangu 2024 tahasusi zimeongezwa hadi 65, na matokeo yakitoka mwanafunzi anaruhusiwa kubadilisha machaguo yake kwenye mfumo wa Selform wa TAMISEMI. Wanaobadilisha ni wenye simu nzuri na kaka aliyeko mjini. Wewe una kompyuta na bando. Siku mbili tatu, mfumo huo ukiwa wazi kwa mabadiliko, fungua ofisi, waite. Na mwisho wa kidato cha pili, mtoto anapotaka kuacha Fizikia na Kemia kwa kuwa "ni ngumu", mweleze kwa majina kozi anazoziaga: uuguzi, utabibu, uhandisi. Akiamua kuacha, aache anajua.

Mabinti wananiuma zaidi. Tangu sheria ya elimu irekebishwe 2016, anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30, na watu wanaiogopa. Lakini akishafanya mtihani wa Novemba, kijijini wanamwona kamaliza shule, si mwanafunzi tena. Desemba ni ngoma na sherehe, Januari posa inaingia, matokeo yakitoka mahari imekwisha kuliwa. Kabla hawajafunga shule, nenda kwa mama zao, ukakae jikoni nao. Mama akijua kwamba kuna kidato cha tano na baada yake kuna mkopo, ana neno la kumjibu mjomba. Na aliyepata mtoto, tangu waraka wa Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shuleni. Wengi hawajaambiwa.

Najua vipindi ulivyonavyo ni vingi na madaftari ya kusahihisha yanakungoja. Sitaki ubebe shule nzima. Anza na kidato cha tatu, walio mkononi mwako sasa.

Turudi kwa kijana wako. Nafasi ya Katavi ulizia kwa afisa elimu kama bado ipo, usiishie kwa maneno ya watu. Kama imepita, ana ufaulu wa Baiolojia, Kemia na Fizikia, na hiyo inamtosha kuomba stashahada ya utabibu. Maombi ya vyuo vya afya hupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na uangalie kama bado kuna awamu mbele. Tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za vipaumbele, afya ikiwemo. Akimaliza na GPA, yaani wastani wa alama zake, ya 3.0 ana haki ya kuomba digrii kama wa kidato cha sita. Mweleze hivyo hivyo, mbele ya mama yake. Usimlaumu kwa pikipiki, amekuwa akilisha wadogo zake. Muulize cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi, na jina limeandikwaje.

Nimempa dereva wa basi la Nachingwea bahasha yenye mfano wa daftari nililokuwa nikitumia, lina safu ya kila karatasi ninayokwambia. Ukiipokea nijulishe, na nambie mama wa yule kijana kasemaje.

Mama yako