Transferini imerudi safi? Usifute CDG kwanza, mimi nilifuta

Juzi usiku nimepata meseji ya daktari mmoja mchanga, ndo kwanza ana miezi minne kwenye wodi ya watoto. Ananiambia: "Shikamoo dokta, nina katoto ka wiki tatu, kamelegea, chuchu zimeingia ndani, nikafikiria CDG, nikatuma transferini imerudi safi. Niifute kwenye listi?" (CDG ni kundi la magonjwa ya kurithi ambamo protini hazivishwi sukari sawasawa, na transferini ni protini ya damu tunayoipima kuyatafuta.) Nimeisoma mara tatu nikaweka simu kifudifudi. Sikumjibu usiku ule. Hiyo meseji ningeweza kuiandika mimi miaka kadhaa nyuma, ila mwenzangu ana akili kanizidi, yeye kauliza kwanza. Mimi sikumuuliza mtu. Nilifuta.

Najua mnaosoma hapa wengi mna ugonjwa kama wangu, mnataka siku moja mlitaje lile jina ambalo wodi nzima imelikosa. Msikatae, hata mimi nilikuwa hivyo na bado nipo hivyo. Kwa hiyo nawaandikia nyie.

Kwa ambaye hajakutana na hizo CDG nitapita haraka. Protini nyingi mwilini zikishatengenezwa zinakuwa bado hazijawa tayari, lazima zivishwe minyororo ya sukari ndo zifanye kazi yake na zifike zinapotakiwa. Hiyo kuvishwa ndo glikosilesheni. Jeni moja tu ya kwenye hicho kiwanda ikiharibika, shida inaweza kutokea popote, ubongo, ini, moyo, macho, matumbo, homoni, kuganda kwa damu. Aina zinazojulikana ni zaidi ya 150, na siku hizi kila moja inaitwa kwa jina la jeni yake: PMM2-CDG, MPI-CDG, PGM1-CDG, na inayoonekana sana kuliko zote ni hiyo ya PMM2. Aliyeanza kuyaeleza ni daktari wa watoto wa Ubelgiji, Jaak Jaeken, mwaka 1980, kwa mabinti mapacha, na jeni ya PMM2 ikaja kukamatwa 1997. Yote hayo nilikuwa nayajua kwa kichwa. Ndo maana inaniuma, maana sikukosea kwa kutojua.

Sasa yule mtoto. Aliletwa ana siku chache tu, hanyonyi vizuri, ukimwinua anamwagika mkononi kama nguo iliyolowa. Moyo una maji kidogo kwenye mfuko wake. Vimeng'enya vya ini viko juu. Kila walipomchoma sindano damu inaendelea kutoka, wakapima wakakuta antithrombini iko chini na faktari XI iko chini (zote ni protini zinazosimamia kuganda kwa damu), basi usiku ule akaongezewa plazma, ile sehemu ya majimaji ya damu ya mchangiaji. Asubuhi mimi nikamvua nguo nimwangalie mwili mzima (hii nilifundishwa na nesi mmoja mzee, siyo profesa), nikaona chuchu zimeingia ndani, na juu ya matako kuna vijifuko vya mafuta mahali ambapo kwa mtoto aliyekonda vile hukutegemea mafuta. Moyo ukanipiga paa. Nikasema kwenye raundi, mbele ya watu wote, "Mi nadhani hii ni CDG." Bosi wangu akaniangalia, akasema, "Hayo mambo ya kwenye vitabu hayo," watu wakacheka, tukahamia kitanda kingine.

Nikatuma kipimo kwa hasira. Damu nilichukua mwenyewe, siku mbili baada ya ile plazma. Majibu yakaja, transferini safi kabisa. Nikaenda kwenye faili nikaandika kwa mkono wangu: CDG IMEONDOLEWA. Kwa herufi kubwa. Na niwaambie ukweli, nilishusha pumzi. Sikutaka kuchekwa tena.

Mnaona nilichofanya? Plazma ni ya mtu mzima mwenye afya zake, na ndani yake kuna transferini iliyovishwa sukari vizuri kabisa, na inakaa kwenye damu siku nyingi tu kabla haijaisha. Mimi sikupima transferini ya yule mtoto. Nilipima ya mchangia damu, mtu ambaye kajitolea damu yake, akapewa soda, akaenda zake nyumbani mzima wa afya. Na kwa majibu ya huyo mtu nikamfutia mtoto ugonjwa wake.

Miaka mitatu na nusu ikapita. Sitaisimulia, ilikuwa kliniki na mazoezi ya viungo na kliniki tena. Akaandikwa mtindio wa ubongo. Nitataja moja tu, akiwa na miaka miwili alipata homa ya kawaida, asubuhi upande mmoja wa mwili hauna nguvu, kama mtu mzima aliyepata kiharusi, halafu baada ya siku kadhaa nguvu zikarudi zenyewe. Anayeijua PMM2 hapo kengele zote zinalia, maana matukio ya namna hiyo yanayofanana na kiharusi ndo tabia yake. Lakini kila daktari aliyefungua lile faili alikuta maandishi yangu na akapita. Daktari akikuta mwenzake kaandika "imeondolewa" haulizi imeondolewaje, anageuza ukurasa.

Akaja mwenzetu mmoja mgeni, ana tabia ya kumwangalia mtoto kabla ya faili (mwanzoni ilikuwa inaniudhi kweli). Kaona makengeza, kaona jinsi anavyokaa anayumba, kaomba picha ya ubongo, serebela (sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshika usawa wa mwili) ndogo, imesinyaa. Akatuma eksomu, kipimo kinachosoma jeni kwa mkupuo. Ikarudi na mabadiliko mawili kwenye PMM2: moja ni R141H, lile maarufu, na lingine likaandikwa maana yake haijulikani. Akapima wazazi, baba analo moja, mama analo lingine. Akapima kimeng'enya chenyewe kwenye seli nyeupe, kiko chini sana. Akarudia transferini, ikatoka na mchoro wa aina ya kwanza, usiohitaji hata miwani.

Halafu akaiwasilisha kwenye mkutano wa idara. Na kwenye slaidi ya tatu kaweka picha ya ukurasa wa faili, herufi zangu kubwa, CDG IMEONDOLEWA. Jina hakutaja, lakini nani pale hajui mwandiko wangu? Yule bosi aliyenicheka alikuwa mstari wa mbele anatikisa kichwa kwa masikitiko, kama vile yeye hakuwepo siku ile. Nilitaka kusimama niseme mimi ndo niliufikiria wa kwanza, nikiwa na mtoto wa siku chache, bila eksomu, kwa macho tu! Sikusimama. Mpaka leo nikikumbuka nasimama kichwani.

Lakini kuufikiria halafu kuufuta mwenyewe ni sawa na kutofikiria, na hapa ndo nataka tuongee vizuri.

Transferini ni kipimo cha kuanzia tu. Kikirudi safi jiulize kwanza, mtoto kaongezewa plazma au damu lini? Kama ni karibuni, hayo majibu weka pembeni, subiri wiki kadhaa urudie. Ana umri gani? Wiki za mwanzo za maisha kinaweza kutoka safi kwa mtoto mgonjwa. Amekua? Wapo wenye PMM2 ambao transferini yao inajirekebisha wakikua, na ugonjwa uko palepale. Halafu ziko aina za CDG ambazo transferini haizioni kabisa, MOGS na SLC35C1 kwa mfano, na ALG13 mara nyingi inatoka safi. Kipimo hiki kinaangalia minyororo inayofungwa kwenye naitrojeni, ile ya kwenye oksijeni inatafutwa kwa protini nyingine, apoC-III. Kwa hiyo neno "imeondolewa" lisiandikwe. Andika "haijaonekana, tarehe fulani, baada ya plazma". Nasema tena, andika tarehe ya plazma!

Na kinyume chake pia kipo, msije mkakimbia na majibu mabaya mkatangaza ugonjwa. Galaktosemia (ugonjwa wa kurithi ambao mwili unashindwa kuitumia galaktosi, sukari ya kwenye maziwa) ambayo haijatibiwa inaharibu transferini vilevile, na wale wanaozaliwa hawawezi kuhimili sukari ya matunda, hivyohivyo. Hata pombe. Kipimo kinachotumika kuwagundua wanywaji wa kupindukia kinaangalia transferini hiihii iliyopungukiwa sukari (hiyo huwa nawaambia wanafunzi wakisinzia). Na kuna watu wamezaliwa na transferini yenye umbo tofauti kidogo na hawaumwi chochote.

Mchoro nao una lugha yake. Aina ya kwanza inakuambia mnyororo wa sukari haukujengwa wala kupachikwa, shida iko mwanzoni mwa kiwanda. Aina ya pili, mnyororo umepachikwa lakini haukumaliziwa vizuri, shida mara nyingi iko kule Golgi, kituo cha ndani ya seli ambako protini zinamaliziwa. Ndo unapata pa kuanzia kutafuta jeni.

Kwenye jeni napo vijana mnajiamini mno. Eksomu siyo msahafu. Ukituma fomu imeandikwa "kuchelewa kukua" tu, unategemea nini? Andika chuchu, andika mafuta, andika serebela, andika antithrombini, maana anayesoma zile data hajamwona mtoto na hatakaa amwone. Mabadiliko mawili kwenye jeni moja hayakupi ugonjwa mpaka ujue yametoka kwa wazazi tofauti, yanaweza kuwa yote yamekaa kwenye kromosomu moja na nakala ya pili ni nzima. Kwa hiyo damu ya wazazi, damu ya wazazi, damu ya wazazi. Na hilo "maana haijulikani" wasikutishe nalo wala wasikufurahishe, kapime kimeng'enya. R141H kwa mfano, wabebaji wake Ulaya ya kaskazini ni wengi tu, lakini mtu hai mwenye nakala mbili zake haonekani, inaaminika mimba haifiki. Ndo maana anayeumwa akiwa nayo anakuwa nayo moja tu, na la upande wa pili ni badiliko lingine ambalo inabidi ulielewe.

Kuna mwenzangu aliniambia unahangaika na jina la nini, dawa si hakuna. Nilimkasirikia kupita kiasi, baadaye nikamwomba radhi, lakini hoja yangu iko palepale. MPI-CDG inashika ini na matumbo na kushusha sukari, ubongo inauacha, na inatibika kwa manosi, sukari ya kunywa tu! PGM1 ambayo unaweza kuihisi kwa kimio (kile kinachoning'inia kooni) kilichogawanyika mara mbili pamoja na sukari kushuka, wengi wanapata nafuu kwa galaktosi. Sasa wewe usipotafuta jina utajuaje kama uliyenaye ni huyo? Na hata kwa PMM2, ukijua jina unajua damu yake inaweza kukataa kuganda na inaweza pia kuganda pasipotakiwa, basi kabla ya upasuaji wowote unajiandaa, na homa huichezei.

Halafu kuna wazazi. Siku ya kupewa majibu niliomba niwepo, mwenzangu akakubali. Mama akasikiliza yote, akauliza kuhusu mtoto mwingine, maana walikuwa wameogopa miaka yote hiyo, akaambiwa kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4, na kwa kuwa mabadiliko yote mawili sasa yanajulikana mimba inaweza kupimwa. Akatikisa kichwa. Halafu akanigeukia mimi, siyo yule. "Dokta, wewe si ndo ulikuwepo siku zile za mwanzo? Ulishawahi kuufikiria huu?" Nikamwambia ndiyo mama, niliufikiria. Akasema, "Ahaa." Hakuongeza kitu. Heri angenitukana.

Asubuhi nikamjibu yule daktari kijana. Sikumpa hadithi yote hii, nilimuuliza tu, kaongezewa plazma? Akajibu hapohapo: "Ndiyo dokta, siku ya pili ya kuzaliwa, na juzi tena, siku moja kabla ya kipimo." Nikamwambia usifute. Transferini utarudia baada ya wiki tatu kama hajaongezewa tena, jeni tuma leo maana plazma haizuii hiyo, na baba na mama wachukue damu leoleo kabla hawajaondoka wodini.