Ufakamiaji wa Usiku Huanza Asubuhi

Barua nyingi za safari hii zimeangukia jambo moja: chakula kimeacha kuwa chakula, kimegeuka mtihani wa kila siku. Tumechagua tano. Majina tumeyaficha.

Mchana naweza, usiku nashindwa

*Shikamooni. Nina miaka 31. Asubuhi nakunywa kahawa tupu, mchana nakula kidogo sana au sili kabisa, na najisikia fahari. Ikifika saa 3 usiku nafungua kabati, nakula nimesimama, harakaharaka, watu wamelala, na siachi mpaka tumbo liume. Kesho yake naapa sitarudia. Naomba mbinu ya kujizuia usiku. – S.*

Marahaba. Mbinu hiyo hatukupi, maana shida yako haianzi saa 3 usiku. Inaanza saa 1 asubuhi, kahawa inapochukua nafasi ya chakula. Ikifika usiku mwili una deni la mchana kutwa, na mwili hudai deni lake kwa nguvu.

Mwaka 1944 hadi 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya waliojitolea. Kwa karibu miezi 6 walipoteza takriban robo ya uzito wao. Hawa hawakuwa na matatizo ya ulaji hapo awali, lakini walianza kuwaza chakula usiku na mchana, baadhi wakakusanya vitabu vya mapishi, na waliporudishiwa chakula wapo waliokula kupita kiasi na bado wakalalamika njaa. Tatizo pale halikuwa nidhamu. Njaa ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi yake.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni ratiba. Milo 3 na vitafunwa 2 au 3, bila kuacha pengo la zaidi ya saa 4. Mfano: mlo saa 1 asubuhi, kitafunwa saa 4, mlo saa 7 mchana, kitafunwa saa 10, mlo saa 1 usiku, kitafunwa kidogo saa 3. Kula kwa saa, usisubiri njaa. Kwa sasa hisia zako za njaa na shibe zimevurugika na si saa ya kuaminika. Zitarudi zenyewe baada ya wiki kadhaa za kula kwa mpangilio. Mlo uwe mlo kweli: wanga, protini, mafuta kidogo, mboga au tunda. Sahani ya majani matupu haihesabiki.

Ukiona ratiba yote ni nzito, anza na kipande kimoja, mlo wa asubuhi, kwa siku 4 au 5. Ukishika, ongeza kinachofuata.

Sambamba na hilo, weka daftari. Andika saa, ulichokula, mahali, kama ulihisi umepoteza udhibiti, na kilichokuwa kikiendelea moyoni. Andika papo hapo. Ukingoja kulala utaandika kumbukumbu iliyojaa aibu. Usihesabu kalori humo. Baada ya siku 10 hivi utaanza kuona mwenyewe: siku uliyoruka mlo, siku uliyogombana na mtu, siku uliyobaki peke yako bila kazi.

Sasa mahali ambapo wengi huteleza. Utafakamia tena, pengine wiki ya kwanza tu. Asubuhi yake utataka kufidia kwa kuruka mlo. Hapo ndipo mzunguko unapojifunga upya. Mlo unaofuata ule kwa saa yake, hata kama huna hamu, hata kama ni kidogo. Na lile wazo la "nimeshaharibu siku, acha nimalizie" ni kanuni ya yote au sifuri. Kijiko kimoja cha ziada hakijaharibu siku, kilichoharibu ni uamuzi uliofuata.

Hamu ikija nje ya ratiba, usishindane nayo kichwani. Toka jikoni, fanya jambo lisiloendana na kula: oga, piga simu, tembea. Hamu hupanda kama wimbi, hufika kilele, hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa.

Ratiba ikikaa imara kwa wiki kadhaa, shughulikia vyakula ulivyojipiga marufuku. Viorodheshe kuanzia kile cha kutisha kidogo hadi cha kutisha sana. Chagua cha chini kabisa, siku tulivu, kiasi cha kawaida, ndani ya mlo uliopangwa, ikiwezekana ukiwa na mtu. Usikijaribu ukiwa na njaa au hasira. Kinachokatazwa ndicho kinachofakamiwa, ndiyo maana marufuku ni lazima yaondoke.

Mizani mara 1 kwa wiki, siku ileile, basi. Uzito hupanda na kushuka kilo 1 au 2 kwa sababu ya maji tu, na anayepima kila siku hugeuza maji hayo kuwa hukumu. Angalia mwelekeo wa wiki 4.

Kama hali hii hutokea angalau mara 1 kwa wiki kwa miezi 3, ni ugonjwa unaotambuliwa kitabibu na una tiba yake. Nenda kwa mshauri wa afya ya akili. Ukikuta atakachokupa cha kwanza ni mpango wa kupunguza uzito, tafuta mwingine.

Najitapisha, na sasa mashavu yamevimba

*Nina miaka 22. Nikishakula sana najitapisha, na mara nyingine nameza dawa za kulainisha choo. Sasa mashavu yamevimba, meno yanauma kwa maji baridi, na misuli ya miguu inakaza. Sijamwambia mtu. – Mwenye aibu*

Umetuambia sisi, wa pili awe daktari, wiki hii. Misuli kukaza huweza kuwa dalili ya upungufu wa potasiamu, ambayo hupotea kwa kutapika na kuharisha. Potasiamu ndiyo inayosaidia moyo kushika mdundo, na ikishuka sana moyo unaweza kwenda mrama kwa mtu kijana asiyeonekana mgonjwa. Omba kipimo cha damu cha chumvichumvi (potasiamu na wenzake) na kipimo cha umeme wa moyo. Mweleze daktari ukweli kuhusu kutapika, la sivyo atatafuta sababu pasipo. Ukizimia, ukihisi moyo unaruka, ukitapika damu au kifua kikiuma, nenda sehemu ya dharura hapohapo.

Mashavu yaliyovimba ni tezi za mate. Hupungua polepole ukiacha kutapika.

Dawa za kulainisha choo hazifanyi unachodhani. Aina nyingi hufanya kazi kwenye utumbo mpana, ilhali chakula kimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Kilo zinazopungua ni maji, nayo hurudi ukishakunywa. Kutapika nako hakutoi chote kilicholiwa, na kunakuachia njaa ya kufakamia tena. Ukiacha, tarajia kuvimba miguu na uso kwa siku au wiki kadhaa kwa sababu mwili unashikilia maji. Hayo si mafuta. Wengi hurudi kwenye tabia kipindi hikihiki, wakidhani wamenenepa ghafla. Usimeze dawa za kukojosha ili kuyatoa. Na kama umezoea dozi kubwa za dawa za choo, panga na daktari namna ya kuziacha, kwani tumbo hugoma kwa muda.

Meno: ukitapika, usipige mswaki papo hapo, utasugua asidi kwenye enameli (ganda gumu la jino) iliyolainika. Sukutua kwa maji, au maji yenye kijiko 1 cha chai cha magadi ya kuokea kwenye kikombe, kisha ngoja angalau nusu saa. Hili ni kupunguza madhara tu.

Ratiba tuliyompa S. ni yako pia, na nyongeza moja: saa 1 baada ya kila mlo usikae peke yako. Panga mapema utakuwa na nani na mtafanya nini, maana hiyo ndiyo saa ngumu. Tiba yenye ushahidi mzuri ni ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia, kwa kawaida vikao 20 hivi. Daktari anaweza kuongeza fluoksetini, dawa ya sonona, ambayo kwa ugonjwa huu hutumika kwa miligramu 60 kwa siku, zaidi ya dozi ya kawaida ya sonona. Dozi hiyo anaipanga yeye.

Ni nidhamu au ni ugonjwa?

*Mimi ni mwanaume, nanyanyua vyuma siku 6 kwa wiki, napima kila chakula. Mke wangu anasema naumwa. Haya si mambo ya wasichana? – K.*

Si ya wasichana peke yao, na wanaume huchelewa kutibiwa kwa sababu ya dhana hiyohiyo. Yapo maswali 5 ambayo madaktari hutumia tangu 1999. Je, hujitapisha kwa sababu ya kushiba kupita kiasi? Unahofia umepoteza udhibiti wa kiasi unachokula? Umepungua zaidi ya kilo 6 ndani ya miezi 3? Unajiona mnene wakati wengine wanakuona mwembamba? Chakula kimetawala maisha yako? "Ndiyo" 2 au zaidi zinatosha kukupeleka kwa mtaalamu. Sisi tungeongeza letu: ukikosa mazoezi siku 2 na kula chakula kilichopikwa na mtu mwingine, nini kinatokea kichwani? Mwenye nidhamu atanung'unika kidogo. Mgonjwa ataingiwa na hofu.

Binti yangu hali chakula

*Ana miaka 15. Anapika vizuri, anatupakulia sisi, mwenyewe "ameshakula". Anavaa nguo kubwa, anasikia baridi, hedhi imekata miezi 4. Tukimlazimisha analia. Baba yake anasema tumwache, ataona njaa. – Mama mwenye wasiwasi*

Pole sana, mama. Msimwache. Ubongo wenye njaa ndio unaomkataza kula, na njaa zaidi huuzidishia nguvu.

Kabla ya chakula, daktari. Apimwe mapigo ya moyo na shinikizo la damu akiwa amelala na akiwa amesimama, joto la mwili, sukari, potasiamu na fosfeti (nayo ni chumvi ya damu). Mapigo chini ya 50 kwa dakika akiwa macho, kuzimia, au kushindwa kuinuka akichuchumaa bila kushika kitu ni mambo ya hospitali, leo. Vipimo vya damu vikiwa sawa msitulie kabisa. Huweza kubaki vya kawaida mpaka mgonjwa akaribie kuanguka.

Kama amekaa siku 5 au zaidi bila kula karibu chochote, au amepungua kwa kasi, msimshindilie chakula nyumbani. Mwili uliokauka ukipokea wanga nyingi ghafla, fosfeti kwenye damu huporomoka na moyo huweza kushindwa. Kuongeza chakula kwa mtu wa namna hiyo husimamiwa na daktari.

Akisharuhusiwa, njia yenye nguvu kwa umri wake ni ile iliyoanzia Hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980: wazazi huchukua usukani wa chakula kwa muda, kisha humrudishia kidogokidogo uzito unapopanda. Ninyi mnapanga, mnapika, mnapakua. Yeye asikae jikoni. Mlo dakika 30, kitafunwa dakika 15, mtu mzima mezani muda wote na saa 1 baada yake. Sentensi fupi, sauti tulivu: "Najua ni vigumu. Chukua kijiko kingine." Mezani hakuna mjadala wa kalori, hakuna kusihi kwa dakika 40, hakuna kumpa mtoto mwenzake jukumu la kumchunguza.

Wewe na baba yake lazima mseme neno moja. Mmoja akisema "basi, inatosha" mwingine akiwa bado anamhimiza, ugonjwa umeshapata mlango. Na ndugu wakija wasimsifu kwa "umenawiri". Kwenye masikio yake neno hilo linatafsiriwa "umenenepa", na mlo wa jioni mtauona ukirudi jikoni mzima.

Anaruka insulini ili apungue

*Rafiki yangu ana kisukari cha aina ya 1. Nimegundua anaruka sindano makusudi. Nimtunzie siri? – M.*

Hapana. Bila insulini damu hujaa asidi, na mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya saa au siku chache. Akianza kutapika, kupumua kwa kasi na kwa kina, au pumzi kunuka kama matunda yaliyoiva mno, mpelekeni hospitali mara moja. Kama bado yuko vizuri, mwambie leo kwamba unajua, kisha mfuatane hadi kliniki yake ya kisukari.