Barua kwa mwanangu: Marko aliyerudi nyuma

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea na kuisoma mara mbili. Unauliza kama mtu aliyeliacha kundi la uinjilisti katikati ya safari, kama ulivyofanya mwaka jana, aweza kurudishwa katika huduma, maana kiongozi wenu amekataa usiandamane nao tena. Tufungue Matendo ya Mitume.

Yapata mwaka 47, kanisa la Antiokia ya Shamu liliwawekea mikono Barnaba na Sauli, ndiye Paulo, wakatweka kwenda Kipro pamoja na Yohana aitwaye Marko, aliyekuwa mtumishi wao. Walikikata kisiwa chote kutoka Salami hadi Pafo. Walipofika Perge ya Pamfilia, Marko akawaacha, akarejea Yerusalemu. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, hataji sababu, nami siwapendi wahubiri wanaomtungia.

Waliobaki waliendelea hadi Listra, ambako watu wale wale waliotaka kuwatolea dhabihu kama miungu waligeuka, wakampiga Paulo kwa mawe na kumburuta nje ya mji wakidhani amekufa. Wanafunzi walipomzunguka, aliinuka akaingia tena mjini, na kesho yake akatoka na Barnaba kwenda Derbe. Baadaye alirudi Listra hiyohiyo kuwaimarisha waamini. Basi Barnaba aliposhauri wamchukue Marko katika safari ya pili, usimwone Paulo kuwa mgumu kwa kukataa, kwani alijua mwenyewe njia ile inadai nini. Kiongozi wenu naye huenda ana sababu zake, usimsengenye.

Lakini mtazame Barnaba. Hapo zamani, wanafunzi wa Yerusalemu walipomwogopa Sauli na kutosadiki kwamba ni mwanafunzi, ndiye aliyemshika na kumpeleka kwa mitume. Sasa alimfanyia Marko vivyo hivyo, hata kwa gharama ya kutengana na rafiki yake, akamchukua wakatweka kwenda Kipro, naye Paulo akaondoka na Sila. (Nakiri kwamba nilipokuwa mzee wa kanisa nilimfungia mlango kijana mmoja kwa kosa kama lako, na sikumtafutia Barnaba wake.)

Miaka ikapita. Katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo akiwa mfungwa anaagiza aletewe joho aliloliacha Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi, na tena anasema Marko aletwe, maana anamfaa kwa utumishi. Ni Paulo yule yule aliyemkataa.

Angalia kwamba Marko hakuanza upya kwa kurudi katika safari ya Paulo. Alianzia Kipro, kisiwa alichokwisha kukipita, chini ya mtu aliyekuwa tayari kumwongoza. Umeniandikia kwamba yule mama wa huduma ya wagonjwa amekuomba umsaidie kila Ijumaa, nawe hujamjibu kwa sababu ungali unasubiri kundi lako la zamani. Mjibu wiki hii, kisha uniandikie mlivyoanza.

Baba yako