Daktari Anajibu: Maumivu Baada ya Usiku wa Kuokoa Watu

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni mkazi wa Kilosa, mkoani Morogoro, mwanamume wa miaka 41, na kazi yangu ni ushonaji. Mto ulipofurika usiku tuliwabeba wazee na watoto mgongoni hadi kwenye shule iliyo mwinukoni, na kulipokucha tukaendelea kutoa tope majumbani hadi jioni. Leo ni siku ya tatu. Siwezi kushuka ngazi bila kushika ukuta, mapaja yamekakamaa, na mikono hainyooki sawasawa. Mkojo wa jana ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, nikadhani ni kwa sababu sikunywa maji. Nimenunua diklofenaki dukani, lakini nafuu yake ni ya muda mfupi. Mzee mmoja ananishauri nirudi kwenye koleo ili asidi itoke mwilini, na mke wangu anataka kunikanda kwa maji ya moto. Naona aibu kulala ndani wakati wenzangu bado wanafukua. Nifanye nini?

JIBU

Marahaba, ndugu yangu, na pole sana wewe na majirani zako wote. Barua yako haikuweza kungoja toleo hili, ndiyo maana tulikupigia simu siku ileile kukuomba uende hospitali. Ninayoyaandika hapa ni maelezo marefu zaidi, kwa faida yako na ya wasomaji wengine ambao mvua ijayo huenda ikawakuta katika hali kama hiyo.

Naanza na jambo ulilolitaja kwa sentensi moja tu katikati ya barua, kwa kuwa linanitia wasiwasi kuliko maumivu yenyewe, nalo ni rangi ya mkojo. Misuli inapotumikishwa kupita kiasi, hasa kwa mtu ambaye kazi yake ya kila siku haimtaki abebe mizigo mizito, baadhi ya nyuzi zake huvunjika na kumwaga ndani ya damu protini iitwayo myoglobini, ambayo figo hulazimika kuichuja. Ikiwa kidogo, hupita bila madhara; ikizidi, huku mwili umekaukiwa maji, huharibu mirija midogo ya figo, na figo zinaweza kushindwa kazi kabisa. Mwaka 1941, madaktari Bywaters na Beall wa London walieleza habari za watu waliotolewa chini ya vifusi vya nyumba zilizopigwa mabomu, ambao mwanzoni walionekana wamenusurika, kisha wakafariki siku chache baadaye kwa figo kushindwa. Leo tunajua kwamba si lazima mtu abanwe na kifusi. Kazi nzito ya saa nyingi bila maji ya kunywa inaweza kuleta madhara hayohayo, na hatari huongezeka kwa mwenye vinasaba vya selimundu, hata kama hajawahi kuugua.

Mkojo wa njano iliyokolea unaotokana na kiu husafika ndani ya saa chache baada ya kunywa maji. Mkojo wa kahawia usiobadilika, au mkojo unaotoka kidogo mno, pamoja na misuli iliyovimba na kulegea nguvu, ni sababu ya kwenda hospitali bila kusubiri kesho. Huko mwambie mhudumu waziwazi kwamba ulibeba watu usiku kucha, ili apime damu kuangalia kreatini kinase (inayovuja kutoka kwenye misuli iliyoumia), kreatinini (taka inayoonyesha kama figo zinafanya kazi) na potasiamu (madini yanayomwagwa na misuli hiyo), kwa kuwa potasiamu ikipanda huvuruga mapigo ya moyo. Tiba kubwa ni dripu ya maji ikianzishwa mapema, na wengi wanaowahi hupona vizuri. Ikiwa mkojo umekaribia kukatika, usijilazimishe kunywa lita nyingi nyumbani ukidhani unajisafisha.

Diklofenaki iache. Dawa hiyo, pamoja na ibuprofeni na nyingine za jamii yake, hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na kwa mtu mwenye kiu na misuli iliyoumia ni kuongeza mzigo palepale panapoelemewa. Soma pia maandishi ya pakiti, kwa sababu vidonge vingi vya maumivu vinavyouzwa dukani ni mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli. Parasetamoli peke yake ni salama zaidi kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini: gramu 1, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, bila kuzidi gramu 4 kwa siku.

Sasa maumivu yenyewe. Kukakamaa kunakoanza siku ya pili, kukazidi siku ya pili hadi ya tatu, kisha kukapungua ndani ya wiki moja, ni jambo la kawaida baada ya kazi usiyoizoea. Husababishwa zaidi na kuteremka na mzigo au kuushusha polepole, kwa kuwa wakati huo msuli hurefuka huku ukiendelea kuzuia uzito. Hiyo ndiyo sababu ngazi za kushuka zinakutesa kuliko za kupanda. Kuhusu asidi, namheshimu mzee wako, lakini asidi anayoisema, yaani asidi ya laktiki ambayo misuli huitengeneza wakati wa kazi nzito, huondoka mwilini ndani ya saa chache baada ya kupumzika. Siku ya tatu haipo tena, na koleo haliwezi kuitoa. Tangu mwaka 1902 mtafiti Theodore Hough alieleza kwamba maumivu ya namna hii yanatokana na michaniko midogo ndani ya msuli, na msuli uliochanika unahitaji muda.

Kutembea polepole uani na kunyoosha viungo bila kujilazimisha kunasaidia. Mkeo anaweza kukukanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na kukuchua kwa mkono mwepesi, ila si mahali palipovimba au kuvilia damu. Paja au mguu ukiwa mgumu, unang'aa, una ganzi, na maumivu yanazidi kila unapounyoosha, usikandwe kabisa. Hiyo ni dharura ya upasuaji.

Daktari akithibitisha kwamba figo ziko salama, kunywa maji mara kwa mara, na kama ulitoka jasho jingi changanya lita 1 ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kula dagaa, maharage, mayai, chochote kilichopo chenye kujenga mwili, na ulale. Kuhusu aibu, ndugu yangu, wewe umekwisha kutoa zamu yako, na kijiji kinachopokezana koleo kwa zamu hakiwi na wagonjwa wapya wa kubebwa. Neno "jikaze" limewafikisha wanaume wengi hospitali wakiwa wamechelewa. Ukikosa usingizi kwa kusikia tena vilio vya usiku ule, zungumza na mliokuwa nao, na ikiendelea kwa wiki kadhaa mweleze mhudumu wa afya kama unavyomweleza maumivu ya mgongo.

Limebaki jambo moja kuhusu maji uliyoyakanyaga. Mafuriko husambaza mkojo wa panya na mifugo, na kwa njia hiyo homa ya mgunda, ile iliyozuka mkoani Lindi mwaka 2022. Dalili zake hutokea mara nyingi kati ya siku 5 na 14 baadaye: homa, kichwa, macho mekundu, na maumivu makali ya misuli, hasa ya vigimbi, ambayo ni rahisi kuyadhania kuwa uchovu uleule. Kwa hiyo maumivu yakirudi pamoja na homa baada ya kupungua, rudi ukapimwe malaria na uwaeleze kwamba uliingia kwenye maji ya mafuriko. Na kama bati au msumari ulikukata usiku ule, ulizia chanjo ya pepopunda siku hiyohiyo unayokwenda kupima figo.