Kabla Hujamshtaki Wakili Wako

Mwaka wa pili baada ya baba kufariki, tuliuza nyumba yake ya Mbagala ili warithi tugawane, na fedha za mnunuzi zikapitia kwa wakili aliyekuwa akitusimamia katika mirathi. Miezi minne ilipita bila sisi kuona hata shilingi. Kila nilipompigia simu alinijibu, "Dada, benki bado wanahakiki," hadi siku niliyopanda ngazi za ofisi yake Kariakoo nikakuta kufuli mlangoni na kibao kimeng'olewa, yamebaki matundu manne ya misumari ukutani.

Nilitaka kwenda polisi papo hapo. Aliyenituliza ni baba mdogo, mstaafu wa ukarani mahakamani, aliyeniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, una karatasi gani mkononi?" Nilikuwa na stakabadhi iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya ukurasa wa kalenda, ikisema amepokea "fedha za nyumba", bila kiasi wala muhuri. Naomba msomaji asirudie kosa langu hilo. Fedha za mteja si mali ya wakili. Zinapaswa kukaa katika akaunti ya wateja, mbali na fedha za ofisi yake, na wewe una haki ya kupewa maandishi yanayotaja kiasi na tarehe.

Hakikisha kwanza kwamba unayemlalamikia ni wakili kweli, kwa sababu vishoka, yaani mawakili bandia, wamejaa mjini. Jina lake litafute katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, na uangalie kama leseni yake ya mwaka huu ni hai. Kishoka hayumo katika daftari la mawakili, hivyo huyo ni wa polisi. Wangu alikuwemo, na ndiyo maana shauri lilikwenda kwenye Kamati ya Mawakili, iliyoundwa kwa Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, ambamo Jaji wa Mahakama Kuu huketi pamoja na wengine, akiwemo wakili anayependekezwa na Chama cha Mawakili Tanganyika. Kamati inaweza kumwonya wakili, kumsimamisha kazi kwa muda au kuliondoa jina lake daftarini.

Kushindwa kesi peke yake si kosa la kimaadili, hata kama ada ilikuwa kubwa.

Tena uamuzi wa Kamati hukatiwa rufaa. Wakili Fatma Karume aliondolewa daftarini mwaka 2020, katika shauri lisilohusu fedha za mteja, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo. Kwa hiyo ushahidi wako uandae ukijua kwamba majaji nao huenda wakausoma.

Mimi niliandika malalamiko ya kurasa sita kwa hasira. Baba mdogo aliketi barazani na kalamu nyekundu, akakata neno "mwizi" kila lilipotokea, na juu yake akaandika tarehe ya simu niliyopiga na jibu nililopewa. Tulimfuata mnunuzi Temeke, akatupatia hati ya benki inayoonyesha siku aliyolipa na kiasi kamili. Nilipokula kiapo mbele ya kamishna wa viapo, kurasa sita zilikuwa zimebaki mbili, na hati ile ya benki ikiwa kiambatisho cha kwanza.