Kenge wa Ruvuma Agoma Kula Newala

SWALI: Ndugu Mshauri, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa hapa Newala mjini. Mwanzoni mwa mwezi huu wa Julai mjomba wangu, ambaye analima kando ya Mto Ruvuma, aliniletea kenge mchanga aliyemkuta amenasa ndani ya mgono wa samaki. Ana urefu wa rula moja na nusu ya shule, ni mweusi, na ana madoa na mistari ya njano. Nimemtengenezea sanduku la mbao lenye wavu wa kuku mbele na kuliweka sebuleni, ambako watoto hushinda wakimtazama. Leo ni siku ya tisa na hajala kitu. Nimempa vipande vya nyama ya ng'ombe, yai la kuchemsha, dagaa wakavu, hata mchicha. Kutwa amejikunja kwenye kona, na nikimgusa huvimba na kutoa sauti kama ya tairi linalotoka upepo. Jirani ananishauri nimpanue mdomo kwa kijiko nimnyweshe uji wa mayai. Je, nifanye hivyo? Na ni chakula gani atakachokubali?

JIBU: Marahaba. Kijiko kirudishe jikoni. Kenge anayepanuliwa mdomo kwa nguvu huweza kuumia meno na taya, uji huweza kumwingia mapafuni, na hata akiumeza salama, tumbo lake kwa sasa halina uwezo wa kuusaga. Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe, kwa hiyo niruhusu nilieleze kwa kirefu kabla ya kufika kwenye chakula, maana naona umehangaika na sahani ilhali tatizo liko kwenye sanduku.

Kenge hajitengenezei joto la mwili kama sisi, mbuzi au kuku, bali huliazima kutoka kwenye jua, mchanga na mawe. Akiwa porini huianza siku kwa kuota jua mpaka mwili wake ufike nyuzi joto 32 hadi 36 hivi, ndipo anapokwenda kuwinda, na joto hilohilo ndilo linalomwezesha kusaga alichokula. Sasa simama pale Shimo la Mungu utazame chini: bonde unaloliona ndiko alikotoka, nako kuna joto hata wakati huu ambapo ninyi mlio juu ya uwanda wa Makonde hamtoki asubuhi bila sweta. Mjomba wako amempandisha mlima katika mwezi wa baridi, nawe ukamweka sebuleni kivulini, upepo wa kusi ukipita dirishani. Kwa kenge aliye katika hali hiyo, kukataa chakula ni busara, kwa sababu nyama iliyo ndani ya tumbo la baridi huoza badala ya kusagika, na mara nyingi hutapikwa.

Basi mpatie joto upande mmoja wa sanduku, na upande wa pili uache uwe wa wastani, ili achague mwenyewe. Weka jiwe bapa, na juu yake, kiasi cha sentimita 30, ning'iniza balbu ya zamani yenye waya ndani, ya wati 60 au 100, mahali ambapo hawezi kuigusa. Hizi balbu za kisasa za kubana umeme hutoa mwanga bila joto la maana. Uso wa jiwe ufike nyuzi 50 hivi, upande wa baridi ubaki kati ya 25 na 28, na usiku pasishuke chini ya 22. Ukikosa kipimajoto, tumia kiganja: ukishindwa kukiacha juu ya jiwe kwa zaidi ya sekunde chache, jiwe liko tayari. Usiku, au umeme unapokatika, lifunike sanduku kwa blanketi ukiacha upenyo wa hewa, na uweke ndani chupa ya maji moto iliyoviringishwa kitambaa. Usithubutu kuwasha jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili yake, kwani moshi wake usioonekana utawaua ninyi pamoja naye.

Jua nalo ni la bure. Kuanzia saa nne hadi saa sita mchana mtoe nje ndani ya sanduku lenye wavu, nusu yake ikiwa kivulini, kwa kuwa jua humpa pia vitamini D inayoishikisha chokaa kwenye mifupa. Tangi la kioo la samaki halifai kwa kazi hiyo: kioo huzuia sehemu ya mwanga inayohitajika, na likiachwa juani hugeuka tanuri kwa muda mfupi sana.

Jambo la pili ni hofu. Kenge mwenye umri huo ni kitoweo cha mwewe, korongo, nyoka na mamba, na macho ya watoto watano nyuma ya wavu kwake hayana tofauti na macho ya mwewe. Ile sauti ya tairi ni onyo. Lihamishie sanduku chumba kisicho na pitapita, funika pande tatu kwa gunia, kisha mwekee maficho membamba ambayo mgongo wake utagusa akiingia, kama kipande cha bomba la plastiki au gome la mti. Kwa majuma mawili asishikwe na mtu yeyote. Watoto watanung'unika, nao wavumilie.

Nilipokuwa afisa mifugo Masasi niliwahi kuletewa kenge wa umri huohuo, akiwa na siku kumi na moja bila kula. Tulifunika sanduku kwa gunia, tukawasha balbu, na siku ya tatu tukamwachia mende wawili huku mimi nikichungulia kwenye tundu lenye ukubwa wa sarafu. Kwanza ulitoka ulimi, ule wenye ncha mbili, ukapapasa mchanga kushoto na kulia; kikafuata kichwa, akakiinamisha upande kama kuku anayesikiliza. Mende alipotikisa miguu, kenge aliruka, akamgonga mara mbili kwenye ubao, akammeza, kisha akajilamba pua. Nyama ya ng'ombe ilikuwa bado iko pale kwenye sahani, imekauka.

Najua maji ni shida Newala, lakini huyu, kwa rangi ulizozieleza, ni kenge wa maji, na hawezi kukaa bila beseni zito la kuingia mwili mzima, lenye maji ya vuguvugu yanayobadilishwa kila siku, kwa kuwa humo ndimo atakamojisaidia pia. Mara nyingi kenge aliyesafirishwa ana kiu kabla ya kuwa na njaa. Macho yakiwa yamedidimia, au ile sehemu ya kinyesi ambayo kwa kawaida ni nyeupe ikiwa ya njano na ngumu kama chenga, fahamu kwamba amekaukiwa.

Sasa chakula. Mchicha mpe mbuzi, kwa sababu kenge hali majani. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi waondoe. Nyama tupu ya ng'ombe haina chokaa ya kutosha, na kenge mchanga anayelelewa kwayo hupata matege. Kinachoamsha hamu yake ni kitu kinachotembea: chenene, mende, panzi wa kijani, vipande vya kaa wa mtoni, samaki wadogo wabichi mara mojamoja, na mvua zikianza, konokono uliyemvunja gamba, kwa kuwa meno ya kenge mchanga bado ni makali na membamba, hayajawa butu ya kuvunjia magamba kama ya wakubwa. Mayai anayapenda, usemi wa msafara wa mamba na kenge wamo haukutungwa bure, maana kando ya mito wanaishi jirani na kenge huyafukua mayai ya mamba akayala. Mpe kidogo, mabichi. Kila kipande kisizidi upana wa kichwa chake, na wadudu wanyunyizie unga laini wa ganda la yai au wa ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa pwani. Akishaanza, ale kila siku.

Hapa kwetu kuna hatari ambayo wageni hawaijui. Mwezi huu mikorosho inapuliziwa salfa na dawa nyingine za kuzuia ubwiri unga, hivyo usiokote mdudu yeyote chini ya mikorosho. Waepuke pia wale panzi wenye rangi kali wanaojazana kwenye mihogo na kutoa harufu mbaya, kwani wana sumu. Panya wa nyumbani huenda amekula sumu ya dukani. Panya wa shambani ni salama zaidi, ila nadhani kuna binadamu watakaomwahi.

Mpime kwa mizani ya dukani kila juma, bila kumshika, ndani ya mfuko wa kitambaa anaoingia mwenyewe kujificha. Ukiona shina la mkia linakonda na mifupa ya nyonga inachomoza, au anatoa mapovu puani na kuacha mdomo wazi bila kuwa kwenye joto, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kusubiri. Kupe wanaojificha kwapani na puani waondolewe kwa kibano. Usimwogeshe dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kila anayegusa sanduku anawe mikono kwa sabuni, kwa sababu kenge hubeba vijidudu vya kuharisha.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 wanyamapori ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini, na kumfuga pasipo kibali ni kosa, hata kama ameokolewa kwenye mgono. Nenda kwa afisa wanyamapori wa halmashauri yako juma hili, umweleze yote. Maoni yangu ni kwamba umwombe arejeshwe mtoni. Huyu wa rula moja na nusu anaweza kufikia mita mbili, mwenye mkia unaopiga kama fimbo, na hakuna sebule ya Newala inayomtosha. Haya niliyoyaandika ni ya kumweka hai mpaka siku hiyo.

SWALI: Mimi niko Lindi, nina bustani ndogo ya wanyama yenye leseni. Kenge wetu wa nchi kavu alikuwa akila vizuri, lakini juma hili ameacha ghafla na ngozi yake imepauka. Je, anaumwa?

JIBU: Ikiwa joto halijabadilika na bado ni mchangamfu, yaelekea anajivua ngozi. Kenge hajivui mzimamzima kama nyoka, bali ngozi humtoka vipandevipande kwa siku kadhaa, na katika siku hizo hamu ya kula hupungua. Mwekee kona yenye udongo wenye unyevu, na usiivute ngozi kwa mkono. Kagua vidole na ncha ya mkia: ngozi kavu iliyobaki kama pete huzuia damu hata kidole kikafa, kwa hiyo ilainishe kwa maji ya vuguvugu mpaka iteleze yenyewe. Vidole vikishakuwa safi, mjaribu kwa chenene mmoja asubuhi, baada ya kuota jua.